Tairi la Mbele la Nsanzimana

Jumanne ya pili ya mwezi wa kumi, saa nne asubuhi, Egbert alikuwa anaziba pancha ya baiskeli ya katekista pale senta ya Rwenkindo, upande wa Ihanda, wakati baiskeli ya Nsanzimana ilipotokea kwenye kona ikiwa peke yake. Ilikuwa inakuja taratibu. Tairi la mbele lilikuwa limepasuka na ringi ilikwangua changarawe kwa sauti ya kukereketa meno. Ilikwenda kwanza kwenye mashine ya kusaga, mahali Egbert alipofanyia kazi zamani, ikasimama pale kidogo. Kisha ikampisha mama mmoja mwenye ndoo ya mahindi, ikavuka barabara, ikaja kuegemea nguzo ya kibaraza cha duka la Pastory, ambako Egbert alifanyia kazi siku hizi.

Egbert alikuwa ameshaitambua kabla haijavuka. Keria yake ya nyuma aliichomelea yeye mwenyewe kwa nondo, na rangi ya kijani ya fremu waliipaka wawili kwa brashi moja, yeye na Nsanzimana, wakapaka hadi kengele. Hata hivyo alimaliza kwanza kiraka cha katekista, kwa sababu katekista ndiye aliyetangulia.

Projestus, dereva wa bodaboda, alikuwa amekaa kwenye benchi akisubiri abiria. Alisema baiskeli hiyo aliiona jana pale Omurushaka. "Ilisimama ikapisha lori la kahawa, halafu ikaendelea. Nikasema, huyu barabara anaijua." Aliongeza kwamba wenzake wa Nkwenda waliiona Jumapili ikiwa imeegemea ukuta wa kanisa, na wa Kaisho waliiona Ijumaa ikitokea upande wa mto, imelowa mpaka kwenye tandiko.

"Imetoka mbali," alisema katekista, akalipia kiraka chake, akaondoka.

Pastory alitoka dukani akiwa na kikombe cha chai. Alikuwa mfanyabiashara, mtu wa Muleba kwa asili, mnunuzi wa kahawa na mjumbe wa serikali ya kijiji, mwenye sauti ya upole ambayo hakuna mtu aliyewahi kuisikia ikipanda.

"Fundi, hiyo baiskeli ya nani?"

"Ya Nsanzimana."

"Na yeye yuko wapi?"

"Hayupo."

"Basi haina mwenyewe," alisema Pastory, akarudi ndani kuendelea na chai yake.

Nsanzimana alizaliwa Rwenkindo mwaka mmoja na Egbert, nyumba ya tatu kutoka kwao. Baba yake alivuka mto Kagera akiwa kijana, akaonyeshwa kipande cha pori ambacho hakuna aliyekitaka, akakifyeka, akapanda migomba na mibuni, akazungushia mpaka wa milamula, ile miti ya kupandwa mipakani, kama wafanyavyo watu wote wa huku. Kibanja hicho Nsanzimana akakirithi. Yeye na Egbert walibatizwa Jumapili moja katika kanisa moja la Kilutheri. Egbert ndiye aliyemsimamia Nsanzimana siku alipomwoa Kokuhirwa, binti wa Kinyambo kutoka Nyaishozi, na tangu siku hiyo Kokuhirwa alimwita Egbert shemeji.

Siku za mnada Nsanzimana alikuwa akifunga kazi ya shambani mapema, anakuja kukaa na rafiki yake. Matairi mapya yalikuwa yanabana sana, na kazi ya tairi linalobana inataka mikono minne. Nsanzimana alikuwa anashika gurudumu katikati ya magoti, anakandamiza ukingo wa tairi kwa viganja vyote viwili usirudi nyuma, na Egbert anausukuma upande wa pili kwa vidole gumba mpaka unaingia. Walikuwa wanafanya hivyo huku wakiongea mambo mengine kabisa.

Kisha ukaja mwaka wa operesheni ya kuwaondoa wahamiaji. Tarehe saba mwezi wa tisa, asubuhi, lori lilisimama karibu na mashine ya kusaga, wakashuka watu, wengine na sare, wengine bila. Walimkuta Nsanzimana amekaa na gurudumu magotini. Walimuuliza vyeti, hakuwa navyo. Rwenkindo nzima wakati huo vyeti walikuwa navyo watu watatu. Walimgeukia Egbert, wakamuuliza maswali mawili. Egbert akajibu. Nsanzimana akapanda lori. Walimruhusu kuchukua baiskeli yake, na Egbert ndiye aliyeinyanyua kumpa kule juu.

Wiki tatu baadaye kibanja kikaandikwa kuwa mali iliyoachwa na mgeni, kijiji kikakigawa, akapewa Pastory. Jina la Kokuhirwa halikuwamo popote. Alihamia chumba kimoja nyumbani kwa kaka yake, na msimu uliofuata akaanza kulima kibarua katika migomba ile ile aliyokuwa akiipalilia bila kibarua. Simu za Nsanzimana kutoka ng'ambo ya mto zilikuja miaka mitatu, halafu namba ikawa haipatikani. Egbert alihama kutoka kule juani penye mashine ya kusaga, akapewa na Pastory kibaraza chenye bati na nguzo, bure. Kokuhirwa akawa anamwita fundi.

Sasa Egbert aliinua baiskeli, akaipindua, akaisimamisha kwa tandiko na usukani. Tyubu ya mbele ilikuwa imekwisha kabisa. Tairi lilikuwa limechanika upande mzima. Alivua vyote viwili, akasugua ringi kwa kitambaa, akatoa tyubu mpya na tairi jipya la inchi ishirini na nane kutoka katika akiba yake. Hakuna aliyemwagiza.

Alianza kama alivyoanza maelfu ya mara. Aliingiza ukingo wa kwanza wa tairi. Alijaza tyubu upepo kidogo tu, ipate umbo, akaipachika ndani, akapitisha valvu katika tundu lake. Kisha akaanza ukingo wa pili upande wa mbali na valvu, akija nao kwa mikono yote miwili, kushoto na kulia, akiubana uingie katika bonde la katikati ya ringi ili waya wa tairi upate nafasi, maana mafundi wasiojua hilo ndio wanaovunja kucha. Alifika karibu na valvu. Zilibaki nafasi za vidole vinne. Akasukuma. Zilibaki nafasi za vidole vinne.

Egbert hakuwa mtu wa haraka. Alirudi nyuma mpaka mwanzo, akaminya tairi tena pande zote, akajipatia ulegevu. Vidole vinne. Alipaka sabuni ya mche iliyolowekwa. Vidole vinne. Alilitoa tairi, akalilaza juu ya bati mpaka saa nane likapata joto na kulainika, akarudia. Vidole vinne. Alikata kipande cha kiini cha mgomba, akasugua ute wake ukingo mzima, akafunga sehemu iliyokwisha kuingia kwa vipande vya mpira wa tyubu ili isitoke, akapiga goti juu yake. Vidole vinne.

Mwishowe alitoa vijiko. Hivi si vya kulia. Ni vipande vya chuma bapa vilivyopinda ncha, ambavyo fundi huvichomeka chini ya tairi kulinyanyua. Egbert hakupenda kumalizia tairi kwa vijiko, kwa kuwa hutoboa tyubu. Alivichomeka vyote vitatu, akavuta. Kimoja kilikatika, viwili vikakunjika kama nyasi.

Alilichukua tairi lile lile akalifunga kwenye gurudumu la baiskeli nyingine. Liliingia kwa vidole gumba. Alipima ringi mbili kwa kamba, ya Nsanzimana na ile nyingine. Zilikuwa sawa.

"Labda limekukataa," alisema Projestus.

"Labda," alisema Egbert.

Jumatano ilikuwa hivyo hivyo. Watu waliokuja na baiskeli zao walisubiri, wakatoa ushauri, wakaondoka. Egbert alikula ndizi alizoletewa na mkewe, akanawa, akarudi kwenye gurudumu. Vidole gumba vilikuwa vimevimba. Jioni aliegemeza baiskeli ukutani na kuifunika gunia, maana mawingu yalikuwa yanashuka.

Alhamisi asubuhi Kokuhirwa alikuja. Alikuwa na jembe begani na matope mpaka kwenye vifundo. Alikuwa ametokea shambani kwa Pastory.

"Fundi, za kazi?"

"Nzuri, mama. Karibu."

Hakukaa. Aliizunguka baiskeli polepole. Aligusa tandiko, akaligusa na pale lilipochakaa. Kwenye keria kulikuwa na kamba ya katani iliyofungwa fundo moja kubwa, namna alivyofunga Nsanzimana, bila kufunga kitu. Kokuhirwa aliinama akalitazama fundo lile muda mrefu, akalishika kwa vidole viwili kama mtu anayepima ukomavu wa buni, asilifungue.

"Nasikia tairi haliingii," alisema.

"Haliingii."

"Umelishika peke yako?"

"Peke yangu."

Kokuhirwa aliweka jembe chini, akakaa kwenye kigoda, akavuta khanga yake ikaze magotini. "Lete."

Egbert alimpa gurudumu. Alilibana katikati ya magoti, akaweka viganja juu ya ukingo pale hasa alipokuwa anaweka mumewe. Egbert akachuchumaa mbele yake, akaanza kusogeza. Walifika kwenye valvu. Zilibaki nafasi za vidole vinne.

Kokuhirwa aliitazama ile nafasi, hakuyainua macho.

"Siku ile," alisema, "mimi nilikuwa nyumbani nachambua maharage. Nililisikia lori tu. Walikuuliza nini?"

Egbert alikuwa anasukuma. "Walinijia ghafla," alisema.

"Hilo sijakuuliza."

"Waliniuliza kama namfahamu."

Ukingo wa tairi ulisogea. Zilibaki nafasi za vidole vitatu. Wote wawili waliona.

"Ukasemaje?"

"Nilisema namfahamu. Nilisema ni mtu wa hapa."

Tairi liliruka kutoka kwenye ringi pande zote mbili, kushoto na kulia, mpaka nusu ya gurudumu ikawa wazi na tyubu ikaning'inia nje. Projestus aliyekuwa kwenye benchi alitazama upande wa barabara. Ndani ya duka, Pastory alikuwa anampimia mtu sukari.

Kokuhirwa aliirudisha tyubu ndani kwa kidole, taratibu, kama anayemrudishia mgonjwa mkono chini ya shuka. Aliweka tena viganja vyake mahali pake. "Anza upya," alisema.

Egbert alianza upya. Jasho lilikuwa linamdondokea kwenye ringi. Alipofika kwenye valvu zilibaki nafasi za vidole vitatu, akasimama.

"Nilisema namfahamu," alisema, "lakini kama mteja. Nilisema ni mteja tu, huja kuziba pancha. Wakaniuliza kwao wapi, nikasema sijui."

Tairi liliingia. Lilitoa ule mlio mdogo wa tairi linapoketi, *tup*, na ukingo ukawa sawa pande zote.

Kokuhirwa aliendelea kulishika gurudumu ingawa hapakuwa tena na haja. Uso wake haukubadilika. Miaka kumi na miwili alikuwa akiamini kwamba mumewe alichukuliwa kwa kukosa vyeti, na alikuwa amekwisha kuzoea kuwakasirikia watu asiowajua majina.

"Alikusikia?" aliuliza.

"Alikuwa hapo. Nilikuwa nimeshika upande huu, yeye upande huo."

"Akasema nini?"

"Aliniambia tu nisisahau kubana nati."

Kokuhirwa alimrudishia gurudumu. "Weka upepo," alisema, akachukua jembe lake, akasimama pembeni akimpa mgongo mpaka pampu iliponyamaza.

Egbert aliposhusha baiskeli chini, iliondoka yenyewe. Kokuhirwa aliifuata kwa miguu. Ilipita njia ya kisimani, ikapanda kilima, ikaingia kwenye kibanja.

Kuanzia siku hiyo ilikuwa inalala nyumbani kwa kaka yake Kokuhirwa, chini ya mchirizi wa bati, na kila asubuhi inakwenda kibanjani. Haikufanya fujo. Ilizunguka mara moja tu, katikati ya migomba, upande wa bondeni, ikapanda na mibuni, ikarudi ilipoanzia, halafu ikashuka senta kuegemea nguzo mpaka jioni. Baada ya wiki mbili matairi yake yalikuwa yamechora njia nyembamba iliyokwanguka nyasi. Wazee waliopita walisema njia hiyo inafuata kabisa mpaka wa zamani, pale ilipokuwa milamula ambayo Pastory aliing'oa. Mmoja alipima kwa hatua, akakuta hata ile kona ya mwamba imo.

Pastory alipeleka malalamiko ofisi ya kijiji kwamba kuna baiskeli inaingia shambani mwake bila ruhusa. Yustus, mwenyekiti wa baraza la ardhi la kijiji, alikuwa mtu wa taratibu. Aliandika barua ya wito, akaigonga muhuri, mgambo akaipeleka na kuibana kwenye keria, chini ya ile kamba. Barua ilimtaka mhusika afike Jumatatu saa tatu kamili pamoja na kitambulisho.

Jumapili baada ya ibada, Pastory alikaa na Egbert kwenye benchi. Alimletea soda.

"Fundi, kesho watakuita."

"Nimesikia."

"Jambo lenyewe dogo. Wewe utasema baiskeli hii unaifahamu kama ya mteja tu. Wateja wako ni wengi, huwezi kujua kila mmoja kwao ni wapi." Alisema bila ubaya wowote, akiangalia barabara. "Mimi na wewe tumekaa vizuri hapa. Nilikuwa nafikiri hata kukuwekea sakafu ya saruji."

Egbert alikunywa soda yote. Alipofika nyumbani mkewe, Sperancia, alimuuliza kwa nini hali, akasema ameshiba. Sperancia alivitazama vile vidole gumba vyake, ambavyo mpaka siku hiyo vilikuwa havijanywea, akaenda kumchemshia maji ya chumvi.

Jumatatu baiskeli ilifika kwanza ofisi ya kijiji. Pastory alifuata, kisha Kokuhirwa na kaka yake, kisha watu wengine waliokaa madirishani. Yustus alisoma malalamiko. Alisema kabla ya yote ijulikane baiskeli hiyo ni ya nani, akamwita Egbert.

Egbert alisimama. Hakujua mikono yake aiweke wapi, akaishika nyuma.

"Hiyo baiskeli ni ya Nsanzimana," alisema. "Nsanzimana ni mtu wa hapa. Alizaliwa nyumba ya tatu kutoka kwetu, mama yangu ndiye aliyemsaidia mama yake siku hiyo. Tumebatizwa pamoja. Nilimsimamia harusi yake. Siku walipokuja kumchukua waliniuliza, nikasema ni mteja tu na kwao sikujui. Na ile karatasi iliyosema kibanja hakina mwenyewe, sahihi ya pili ya shahidi ni yangu. Sikuisoma." Akaiachia mikono. "Niliisoma."

Katibu alimwomba arudie sentensi ya mwisho, Egbert akairudia, katibu akaandika.

Yustus alimshukuru kwa ukweli wake. Alisema kwa maoni yake ushahidi umetosha, na ule mpaka uliochorwa na tairi yeye mwenyewe ameuona, uko sawa. Kisha akageukia upande wa Kokuhirwa.

"Mama, mumeo alichukuliwa tarehe ngapi?"

"Tarehe saba mwezi wa tisa, mwaka ule wa operesheni."

Yustus alihesabu kwa vidole chini ya meza, akamwonyesha katibu, katibu naye akahesabu.

"Kudai ardhi ni ndani ya miaka kumi na miwili," alisema kwa huzuni ya kweli. "Leo imepita miaka kumi na miwili na wiki nane. Hata mkienda mbele mtaambiwa hivi hivi. Mama, ungekuja mwezi wa nane."

"Mwezi wa nane baiskeli ilikuwa bado haijafika," alisema Kokuhirwa.

"Ndiyo. Naelewa."

Kuhusu kuingia shambani bila ruhusa, Yustus aliendelea, sheria ndogo za kijiji zinataja watu na mifugo. Baiskeli hazikutajwa. Kwa hiyo haina kosa na inaweza kuendelea na shughuli zake. Hapo Pastory aliinua mkono. Alisema yeye hana kinyongo na mtu. Alichoomba ni kwamba, kwa kuwa baiskeli inakwenda kibanjani kila siku na inarudi senta kila siku, isiwe inarudi tupu. Watu waliinamisha vichwa wakifikiri, wakaona ni jambo lenye mantiki. Likaandikwa.

Nje, Egbert alimsubiri Kokuhirwa kwenye ngazi. Alikuwa ameandaa maneno tangu alfajiri. Kokuhirwa alipotoka alisimama mbele yake, na kwa muda mfupi ikaonekana kama atasema jambo refu.

"Asante, fundi," alisema, akapita.

Jumatano Pastory alimwambia Egbert, kwa upole ule ule, kwamba kibaraza anakihitaji kuweka mifuko ya mbolea. Egbert alibeba pampu, beseni la maji na sanduku la viraka, akavuka barabara. Kwenye mashine ya kusaga vumbi la unga lilikuwa linaingia kwenye gundi, na viraka vingi vilikuwa vinabanduka kabla ya siku mbili. Baadhi ya wateja walihamia kwa fundi wa Ihanda. Sperancia alishona turubai kutoka kwenye magunia manne, wakalifunga kwenye miti.

Vibarua walianza kuipakia baiskeli mikungu ya ndizi. Siku ya kwanza mmoja alitaka kukata ile kamba ya keria ili apate nafasi. Kokuhirwa alimwambia apakie juu yake. Ilibeba mikungu mitatu, halafu minne, halafu mitano. Ilizunguka mpaka wake kwanza na mzigo mgongoni, ndipo ikashuka senta, ikasimama mlangoni kwa Pastory ipakuliwe. Wanunuzi kutoka Kayanga walizoea kuisubiri. Pastory alisema hajawahi kupata kibarua mwaminifu kama huyo.

Wiki moja kabla ya Krismasi, katikati ya mvua za vuli, tairi la mbele lilipasuka mteremkoni. Kokuhirwa aliikokota mpaka kwa Egbert, mikungu mitano ikiwa bado imefungwa juu. Alikuwa amelowa. Egbert alimsaidia kushusha mzigo, akauegemeza kwenye mti, akakaa akiliangalia tairi bila kuligusa.

"Mama," alisema, "tuliache."

"Tuache nini?"

"Tusilifunge. Isimame. Pastory akitaka ndizi zake azifuate mwenyewe. Mimi nitasema sina tairi."

Kokuhirwa alikamua pindo la khanga. Maji yakadondoka kwenye vumbi la unga, yakafanya tope jeupe.

"Ikisimama hii, nyasi zitaota," alisema. "Na mvua hii, wiki mbili tu hutaona njia. Nani tena ataonyesha mpaka ulipopita? Wewe utakwenda kuzunguka kila asubuhi?"

Egbert alifungua mdomo. "Nitakwenda," alisema.

"Wewe umetajwa kwenye sheria," alisema Kokuhirwa. "Wewe ni mtu. Utafungwa siku hiyo hiyo." Alivuta kigoda, akakaa, akabana gurudumu magotini. "Funga tairi, fundi."

Egbert alifunga. Aliingiza ukingo wa kwanza, akapachika tyubu, akaanza upande wa mbali na valvu, mikono miwili, kushoto na kulia. Kokuhirwa alikandamiza ukingo kwa viganja usirudi. Hapakuwa na nafasi yoyote iliyobaki. Liliingia lenyewe, bila sabuni, kama matairi ya zamani. Mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma nyuma yao, na mvua ilikuwa inapiga turubai la magunia.

Alijaza upepo, akaminya tairi kwa kidole, akabana nati. Walipakia mikungu mitano, mmoja baada ya mwingine, mkubwa chini. Baiskeli ilivuka barabara, na Kokuhirwa akaifuata, mkono mmoja kwenye mzigo usielemee upande. Pastory alitoka na mwavuli, akaipokea mikungu mlangoni, akaigeuza mmoja mmoja, akasema ule wa chini umechubuka.